Wimbo upi wa Hukwe Zawose una nguvu, na upi umelegea?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tuko watatu hapa Nkuhungu, Dodoma, na kila Jumamosi jioni tunakutana kwenye kibanda cha mwenzetu ambaye ni fundi simu, tunasikiliza albamu za marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo. Mwezi huu tulikubaliana kila mtu auwekee alama kila wimbo, kuanzia moja mpaka kumi, tujue upi unaongoza na upi unaburuta mkia katika kila albamu. Tumegombana vibaya. Fundi anasema ile albamu ya Assembly aliyoifanya na Michael Brook ifutwe yote, magitaa yameiharibu. Mwenzetu wa pili, dereva wa bajaji, anasema nyimbo ndefu za pole zisizo na ngoma ndizo dhaifu, na Kuna Kunguni anaicheka, eti mtu mzima anaimba habari za kunguni. Mimi nimeipa kumi Sisitizo la Amani Duniani. Wakanijia juu, eti nimeipa kumi kwa sababu ni maneno ya Kiswahili, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Kagera sina haki ya kupima muziki wa Wagogo. Je, kuna namna ya haki ya kusema wimbo huu una nguvu na huu umelegea? Na asiyejua Kigogo apime vipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Na hao wenzako wawili uwasalimie kwangu kwa salamu ya kwetu Wagogo: mbukwenyi.

Nimelisoma swali lako mara mbili nikiwa nimefurahi. Mnasikiliza albamu nzima, wimbo kwa wimbo, mpaka mnagombania alama, wakati wengi siku hizi wanasikiliza dakika moja kisha wanaruka. Basi nami nitawajibu kwa uzito uleule, na alama zangu nitazitoa. Ila nianze na chombo mnachosikilizia, kwa sababu nina wasiwasi kwamba nusu ya ugomvi wenu umetokea humo.

Fundi ataelewa haraka. Ilimba aliyokuwa akipiga mzee Zawose ni sanduku la mbao lenye vyuma vilivyopangwa juu yake, vinapigwa kwa vidole gumba. Ubavuni au usoni mwa sanduku kuna tundu, na juu ya tundu hilo hubandikwa utando, ule mweupe mgumu ambao buibui hufunikia mayai yake. Chuma kikilia, utando unatetemeka na kutoa mlio kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye kibuyu. Mlio huo mpigaji anautafuta kwa makusudi, na ukitoboka anahangaika ukutani kutafuta utando mwingine. Tena kwenye ilimba kubwa kama ya Zawose si vyuma vyote vinavyoguswa. Vingine vimewekwa ili viitikie tu: jirani yao akipigwa, vyenyewe vinatetemeka bila kidole kuvifikia. Yaani hata kabla mtu hajafungua kinywa, ndani ya sanduku tayari kuna mmoja anayesema na wengine wanaoitika. Nitalirudia neno hilo la kuitika mpaka mwisho wa jibu hili.

Sasa chukua ilimba hiyo uipitishe kwenye spika ya simu. Spika ndogo vile haiwezi kutoa sauti za chini, kwa hiyo vile vyuma virefu vya katikati vinavyobeba wimbo vinabaki kivuli. Faili nalo, kama limebanwa sana ili liokoe bando, limekatwa sauti za juu kabisa, na ule mlio wa nyuki unageuka mkwaruzo. Fundi hebu akumbuke ni wateja wangapi wameleta simu wakilalamika spika imepasuka, kumbe ni muziki wenyewe. Na mkiunganisha kwenye sabufa mambo yanageuka upande wa pili: sabufa nyingi za mitaani zimetengenezwa zipige chini na zing'ate juu, hapo katikati, ambapo ndipo ilimba, zeze na koo la mzee vinakaa, pamekuwa shimo. Wimbo wa ngoma utasikika mnene, wimbo wa zeze peke yake utasikika kama umekonda. Dereva wa bajaji ameupima wimbo au ameipima sabufa?

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu liliwahi kunipata. Nilipokuwa kijana nilinunua hapa mjini kaseti iliyorudufiwa ya Tanzania Yetu, ile santuri ya mwaka 1985. Nilikuwa na daftari langu la alama kama lenu. Wimbo wa mwisho upande wa pili niliuandikia "dhaifu, hauna mwisho". Miaka mingi baadaye nikiwa Bagamoyo mwenyeji wangu akaiweka santuri yenyewe kwenye mashine. Wimbo ulikuwa na mwisho, na ndio mwisho uliokuwa na utamu wote, sauti zikishuka moja baada ya nyingine. Aliyerudufu kaseti alikuwa amejaza kitu kingine mbele, mkanda ukamwishia, akakata. Nililibeba kosa la duka miaka yote hiyo nikilihesabu kuwa la mtunzi. Na hata santuri nayo ina hila yake: mfereji wa sindano kadiri unavyokaribia katikati, duara linakuwa dogo, na sauti za juu zinafifia na kukwaruza. Nyimbo zinazofunga kila upande huumia kwa hilo, hasa zikiwa za chombo chenye mlio mkali kama ilimba. Kwa hiyo mkisikia mtu wa zamani anasema "nyimbo za mwisho za albamu ile zilikuwa nyepesi", muulizeni alisikilizia wapi.

Basi Jumamosi ijayo, kabla hamjaandika alama yoyote, tafuteni hedifoni za kawaida tu, zile kubwa za kufunika sikio zikipatikana, mzipokezane. Naamini alama kadhaa zitahama zenyewe.

Tuje kwenye nyimbo zenyewe. Kosa ninaloliona katika jedwali lenu ni kuzipanga albamu zote kama vile zilitengenezwa kwa kazi moja, na ukijua maisha ya mzee utaona haikuwa hivyo. Hukwe Ubi Zawose alizaliwa kijiji cha Doduma, huku huku kwetu, akakulia kwenye muziki wa ukoo na mifugo. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akawa miongoni mwa wasanii walioutoa muziki wa vijijini na kuupandisha jukwaa la taifa. Kisha Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, alikofundisha na kuilea familia nzima ya wapigaji. Dunia ya nje ilianza kumjua vizuri kwa zile santuri mbili zilizotolewa Uingereza, Tanzania Yetu na Mateso ya mwaka 1987, halafu ikaja ile iliyotolewa na JVC ya Japani. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel ikatoa Chibite. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikafuata Mkuki wa Rocho, aliyoifanya na mpwa wake Charles, na hiyo Assembly mnayoigombania. Alifariki Desemba 2003, na Charles akamfuata mwaka uliofuata. Familia iliumia mara mbili kwa muda mfupi sana, na kwa wengi wetu huku Dodoma ilikuwa kama mbuyu wa njia panda umeanguka: ukipita hapo hujui tena ukate kona wapi.

Ukiyaweka maisha hayo mbele yako utaona kuna aina kama mbili za nyimbo zinazopishana ndani ya albamu zake. Kuna nyimbo za jukwaa la taifa, zilizotungwa ili zieleweke kwa Mhaya, Mmakonde na Mpemba kwa wakati mmoja: amani, umoja, nchi yetu, viongozi. Hizi mara nyingi ziko kwa Kiswahili, na maneno yamewekwa mbele, chombo kinayabeba tu. Na kuna nyimbo za nyumbani, za Kigogo, ambazo maneno yake yanaweza kuwa machache sana, mstari mmoja unarudiwa na kugeuzwa, na uzito wote uko katika namna sauti zinavyosukana.

Sisitizo la Amani Duniani uliyoipa kumi iko kwenye kundi la kwanza. Mimi ningeipa saba. Usikasirike. Saba si aibu, na wenzako wamekukosea kusema umeipenda kwa sababu ya Kiswahili tu. Mzee mwenyewe alitaka umwelewe, ndiyo maana aliuimba kwa lugha yako. Lakini wimbo wa ujumbe una deni moja: lazima useme lile jambo, na wakati unalisema, vyombo vinakaa kimya kwa heshima. Mimi naupenda zaidi wakati ambapo hakuna anayekaa kimya.

Hapo ndipo penye kipimo changu, na ndicho ninachokipendekeza kwenu. Muziki wa Kigogo hauna mwimbaji mmoja na wapambe wake. Una anayeanzisha na wanaoitika, na anayeitika ana kazi nzito kuliko anayeanzisha. Mzee wa Mvumi aliyenifundisha kusikiliza alikuwa akiniambia nimwache kiongozi, nimfuate yule wa pili: akipotea yeye, wimbo umekufa hata kama kiongozi anaimba kama malaika. Kwa hiyo ninapopima wimbo wowote wa Zawose ninajiuliza: ni wangapi humu ndani wanajibizana? Zeze linajibu koo, au linalifuata tu kama mkia? Ilimba inasema jambo lake, au inahesabu tu muda? Sauti ya pili ina njia yake, au imenakili ya kwanza?

Hili lina elimu yake, na nitalieleza kidogo kwa sababu ndilo litakaloamua kesi ya Assembly. Piga uzi mmoja wa zeze, usikilize kwa makini. Ndani ya sauti hiyo moja kuna sauti nyingine nyembamba zimejificha juu yake, kwa mpangilio ambao maumbile yameuweka, hakuna aliyeutunga. Wagogo walichukua sauti hizo, kuanzia ya nne kwenda mpaka ya tisa hivi, wakazifanya ndizo ngazi yao ya kuimbia. Ukiondoa zinazojirudia unabaki na sauti tano. Anayeitika hushika sauti inayoruka ile ya jirani, kwa hiyo kiongozi akipanda naye anapanda, akishuka anashuka, na wote wawili wako ndani ya uzi uleule. Ndiyo maana kwaya ya kijiji chetu inasikika pana kuliko idadi ya watu wake. Wataalamu kama Gerhard Kubik wa Austria, na baada yake Polo Vallejo wa Hispania, walitumia miaka mingi kulieleza hilo kwa walimwengu, na wazee wa kijiji chetu cha Nzali walikuwa wakilitenda bila kulieleza.

Tatizo ni sauti ya saba katika mpangilio huo. Ukiilinganisha na iliyo karibu nayo kwenye kinanda cha kanisani au gitaa, ya Kigogo iko chini kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Sikio linasikia kabisa. Mtu wa kinanda atasema mzee ametoka kwenye ufunguo. Mgogo atasema kinanda ndicho kilichopotea. Gitaa la kawaida lina mapau ya chuma shingoni yanayolilazimisha kukaa kwenye sauti za kinanda, kwa hiyo likikutana na ilimba, kuna mahali lazima wagongane.

Michael Brook si mtu wa kudharau. Ni Mkanada, mpiga gitaa na mtayarishaji, na kabla ya Zawose alikuwa amefanya kazi nzito na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Alibuni gitaa ambalo ukigusa uzi sauti yake haifi, inaendelea kulia mpaka uuzime mwenyewe. Fikiria hilo kidogo: sauti ndefu isiyokatika, kama upinde wa zeze unaokwenda bila kurudi. Pale ambapo Brook anashika sauti moja ya namna hiyo chini kabisa na kuiacha ikae, mzee anakuwa na ardhi ya kusimamia, na zile sauti tano zinakaa juu yake bila kugombana na mtu. Nyimbo za namna hiyo ndani ya Assembly mimi nazihesabu kuwa zina nguvu, na fundi namwomba azirudie akiwa peke yake usiku. Lakini pale gitaa linapoanza kutembea, linabadilisha kodi, yaani zile sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, na midundo ya mashine inapojazwa kila upenyo, mzee anabanwa. Anaimba vizuri vilevile, ila hakuna anayemjibu, kwa sababu gitaa linazungumza lugha ya sauti kumi na mbili na yeye ya tano. Hizo ndizo nyimbo zilizolegea katika albamu zake zote, na sioni haya kusema hivyo. Kwa hiyo fundi ana haki nusu: kuna nyimbo za kupewa nne humo. Kuifuta albamu yote ni dhuluma.

Mkuki wa Rocho nimeuacha mpaka sasa kwa makusudi. Kama mngenilazimisha nichague albamu moja ya kubaki nayo, ningebaki na hii. Sababu yake si kwamba ni ya asili zaidi, maana nayo ilirekodiwa kwa vifaa vya kisasa na kuuzwa Ulaya. Sababu ni Charles. Kwenye rekodi nyingine mnamsikia Zawose bingwa, na waliomzunguka wanamheshimu mno. Charles hamwogopi mjomba wake. Anaingia kabla hajakaribishwa, anamsukuma, anampandia juu, halafu anamwachia. Sikilizeni zile sehemu ambazo koo la mzee linashuka chini mpaka linakuwa kama mngurumo, mara linaruka juu kwenye sauti ya kike: mara nyingi ni kwa sababu mpwa amemjaza pale katikati, akalazimika kutafuta nafasi nyingine. Watu wawili tu, lakini unahesabu wanne watano. Hapo alama zangu zinaanzia nane na kupanda.

Dereva wa bajaji sasa. Nyimbo ndefu za pole zisizo na ngoma. Namwelewa kabisa. Anaendesha siku nzima kati ya Majengo na Sabasaba, jioni anataka kitu cha kumwamsha. Lakini kuna jambo la kuzingatia kuhusu ngoma. Kwa Wagogo, muheme ni ngoma za wanawake. Wao ndio wanaozibana katikati ya mapaja na kuzipiga, na kishindo chake ukikisikia Chamwino au Bahi kwenye sherehe unakisikia kifuani. Mzee aliposafiri na watu wachache kwenda kurekodi Uingereza au Japani, kijiji kilibaki nyumbani. Wimbo ambao ungeitikiwa na watu thelathini ukaitikiwa na watatu au wanne. Ndiyo sababu baadhi ya nyimbo za kundi zilizomo kwenye albamu zinasikika zimepwaya: mtunzi hakukosea, nguo ni kubwa na waliokuja kuivaa ni wachache. Kinyume chake, zile nyimbo ndefu za pole za ilimba na koo, ambazo mwenzako anazirushia mawe, zilitungwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu mmoja au wawili, kwa hiyo studio haikuzipunguzia kitu. Zimefika kamili. Ningemshauri aanze na wimbo wa namna hiyo siku ya mapumziko, asubuhi, si saa kumi na mbili jioni kichwa kikiwa bado kinapiga honi.

Na urefu wenyewe asiuhesabu kwa saa. Huku kwetu wimbo hauna dakika. Unakwenda mpaka waliopo watosheke. Kilichoko kwenye sidii ni kipande cha siku moja, mtu wa mitambo alipoinua mkono. Nimewahi kusikia wimbo uleule wa mzee kwenye rekodi mbili, mmoja umekwenda mara mbili ya mwenzake, maneno yamebadilika, hata mahali pa kuanzia si pale. Sasa ukisema "wimbo huu ni dhaifu", unamaanisha wimbo au siku ile? Mimi katika daftari langu huandika vyote viwili: jina la wimbo na jina la albamu, na alama naipa rekodi ya albamu hiyo, siupi wimbo wenyewe.

Kunguni. Hapa simwungi mkono hata kidogo. Nani aliyesema mtu mzima asiimbe kunguni? Aliyelala kwenye kitanda cha kamba kijijini akaamka amevimba shingo hawezi kucheka. Waimbaji wetu wamemwimba ng'ombe aliyepotea, ukame, mlenda uliokosa chumvi, mkwe asiyesalimia, nzige, inzi. Jambo dogo la ndani ya nyumba linampa mwimbaji uhuru, kwa sababu kila aliyepo analijua, hakuna haja ya kulieleza, na akili yote inahamia kwenye sauti. Amani ya dunia ni jambo kubwa, nakubali, lakini ukubwa wa jambo hauwezi kuongezwa kwenye alama za wimbo. Mkifanya hivyo mtajikuta mnatoa alama kwa hotuba.

Limebaki lile lililokuuma: kwamba wewe wa Kagera huna haki. Haki unayo, ila ina mpaka wake. Yote niliyoyaeleza kuhusu kuitika unaweza kuyasikia bila kujua neno moja la Kigogo, na huenda ukayasikia vizuri kuliko sisi, kwa sababu sisi maneno yanatuvuta masikio. Wewe mwenyewe umetoka kwenye nchi ya enanga, kile chombo cha nyuzi cha Kagera, unajua jinsi uzi unavyoweza kubeba habari ndefu. Lakini alama ya maneno usiitoe kwa kukisia. Chibite, kwa mfano, ukiiona juu ya kasha unaweza kudhani ni jina la mtu. Ni "twende". Neno dogo hilo likiingia akilini, albamu yote inabadilika uso, inakuwa safari, na wewe umealikwa. Nkuhungu yote hiyo mmezungukwa na kina bibi wanaokijua Kigogo cha ndani. Nunua sukari kilo moja, nenda na simu na hizo hedifoni, muombe mmoja akueleze wimbo mmoja tu. Usishangae akikuambia maana mbili tofauti, mara nyingi zote mbili zipo. Na wenzako wawili wasijidai sana. Kijana wa mjini anayeita kila kitu cha Kigogo "cha asili" bila kujua mstari unasema nini, hana cha kukuzidi.

Mkishamaliza hizo, ziwekeni kando na msikilize walioachiwa. Msafiri, mwanawe, ana Uhamiaji ya mwaka 2017, na Pendo na Leah wa ukoo huohuo, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa Maisha mwaka 2024. Sitawapa alama zangu huko, nitawaharibia usikilizaji. Nitasema moja tu: kwa miaka mingi wanawake wa familia ile walikuwa nyuma, wakiitika. Katika Maisha ndio wanaoanzisha, na ngoma za muheme ziko mikononi mwao zinapostahili. Dereva wa bajaji atakapotaka ngoma, aanzie hapo.

Uliuliza pia kama kuna namna ya haki. Jaribuni hivi mara moja. Chagueni wimbo mmoja mnaougombania zaidi. Uchezeni mara ya kwanza hakuna anayesema kitu. Mara ya pili kila mtu amfuate asiyekuwa kiongozi: mmoja ashike zeze, mmoja ilimba, mmoja sauti ya pili, na wimbo ukiisha kila mtu ajaribu kuimba kile alichokifuata, hata kwa mdomo uliofungwa. Kama kila mmoja ana kitu cha kuimba na vitu hivyo vitatu havifanani, andikeni alama ya juu bila woga. Kama mmoja wenu amekaa kimya kwa sababu hakuona cha kushika, hapo ndipo wimbo ulipolegea, na mnaweza kuonyesha kwa kidole. Mkitofautiana baada ya hapo, tofauti hiyo ni ya ladha, nayo haina hakimu.

Fundi asifute Assembly kwenye flash kwanza. Na msimu wa tamasha la muziki wa Cigogo (ndiyo Kigogo hicho) ukifika, pandeni gari mwende Chamwino, ni kilomita kama 30 tu kutoka mjini kwa barabara ya Morogoro. Kaeni karibu na waitikaji, msikae karibu na spika. Mkirudi nitumieni jedwali lenu jipya, na mniambie ile Sisitizo umeibakiza kwenye kumi au la.